Mia Nne ya Kanyaboli

Nilikuwa na mia nne na Jumamosi nzima.
Mia na hamsini ya pikipiki, kwenda.
Mia na hamsini nyingine niliitia soksini, ya kurudi,
isiguswe hata tukiliwa na mbu.
Ikabaki mia. Na mia ni tajiri
ukienda mahali ambapo upepo haukatiwi tiketi.

Katikati yangu na dereva aliketi Ochola,
miaka tisa, mwana wa ndugu yangu,
jina la mtoto ambaye babake hakumngoja.
Alikumbatia kopo la siagi, ndani nyungunyungu
tuliowachimbua alfajiri nyuma ya choo cha shule.
Kila baada ya kilima alifunua kifuniko
akawahesabu upya,
kama karani asiyemwamini karani mwenzake.

Tuta la Kanyaboli limenyooka kama rula.
Kutembea juu yake ni bure.
Kumtafuta nzohe kwenye mafunjo ni bure,
na kutomwona, nako ni bure.
Tuliona kwato zake tu, mbili, matopeni,
maji yakiingia ndani polepole.
"Ameondoka sasa hivi," Ochola akanong'ona,
na kwa nusu saa nzima
hatukusema kwa sauti kubwa.

Mwenye mtumbwi aliitwa Turfosa,
mikono yake minene, kofia ya chama kilichokwisha kufa.
"Mkubwa hamsini," alisema. "Mdogo nusu."
"Mimi si nusu," mtoto akajibu.
Turfosa akamtazama kuanzia kandambili hadi kisogo.
"Basi shika kafi. Apigaye kafi halipi."

Tulizunguka.
Mungu wangu, tulizunguka!
Tuta likapita mbele yetu mara nne,
mnandi juu ya gogo akageuza shingo kutufuata
mpaka akachoka, akaruka zake.
Turfosa alicheka huku ameshika ubavu wa chombo.
"Usiyachape maji, hayajakukosea.
Yasukume. Yasukume nyuma, uyaache."

Mimi nilikuwa katikati na kipande cha jerikeni,
nikiteka maji yaliyovuja na kuyarudisha ziwani.
Sijui kuogelea. Aliyeyajua maji ni babake.
Mimi, tangu utotoni,
kazi yangu ilikuwa kumshikia nguo ufukweni.
Sikumwambia mtoto hilo.
Nilikuwa nimelisaga kinywani njia nzima,
kisha nikalimeza, nikateka maji.

Mara mtumbwi ukanyooka.
Sijui ni lini hasa. Mafunjo yaliacha kuzunguka,
yakaanza kupita, upande huu, upande huu,
na Ochola alikuwa ametoa ulimi nje
kama afanyavyo akiandika herufi kubwa.

Tulitupa mishipi pale Turfosa alipoelekeza,
penye yungiyungi na kivuli cha maji.
Nyungunyungu kumi na saba walikwenda bure.
Wa kumi na nane akaleta ngege,
upana wa kiganja, akimeta, amekasirika.
Turfosa akampima kwa vidole.
"Huyu bado yuko chekechea. Mrudishe darasani."
Nilitarajia kilio.
Mtoto akamshusha kwa mikono miwili,
akaiacha majini hata baada ya samaki kwenda,
muda mrefu, kama anayemshikia mtu kitu.

Mihogo ya kuchoma, kumi, kumi.
Pilipili ya bure. Mawe ya kurusha, bure,
lake liliruka mara tatu, langu lilizama papo hapo.
Jua likashuka nyuma ya tuta
nami nikatoa soksi, pesa ina unyevu,
dereva akaipokea kwa ncha za vidole.

Mlangoni shemeji alitazama kopo tupu,
ndoano tupu, mfuko wangu uliobaki na thelathini.
"Mmeleta nini?"
Ochola hakujibu. Akafungua viganja vyote viwili
chini ya taa:
malengelenge matatu, moja limepasuka,
akayaonyesha hivyo, mikono imenyooka,
kama mtu aliyebeba samaki.