Mashine Isiyo na h

Mashine yangu ya chapa niliinunua Nyamugo
baada ya moto, ingali inanuka masizi.
Herufi zote zilikuwa hai
ila moja: h iliyeyuka.
Nikaiweka mezani, mwavuli juu, tribunali mbele,
nikaanza kuwaandikia watu wa Bukavu
malalamiko yenye mapengo.

Wakili Mugaruka alicheka siku ya kwanza.
« aki ya mjane », akasoma, « s amba la mare emu ».
Kisha akatoa kalamu ya wino wa buluu
akajaza, ukurasa hadi ukurasa,
h moja moja, kama mtu anayepanda maharagwe.
« Tazama, hii ni kiti.
Mgongo hapa, miguu hapa.
Haki haiwezi kusimama kutwa nzima.
Ipe pa kukaa. »

Mwana wa mfyatua matofali wa Walungu,
koti moja, viatu vya kuazima,
alipanda Funu na kamba ya katani kupima parseli,
matope hadi magotini,
maana mvua ya Novemba ilihamisha mpaka
na jirani akaapa kwamba mvua ndiyo shahidi wake.
Walimlipa kuku, walimlipa unga wa muhogo,
siku nyingine asante tupu.
Kesi ya M'Lurhuma ilikula miaka sita:
kiwanja kimoja, hati mbili, mihuri miwili,
na waliopiga mihuri wote ni wacha Mungu.
Akashinda. Wanawake wa soko la Kadutu
wakamshusha ngazi za tribunali mabegani
wakimwita depite, depite,
naye hakuwakataza.
Hapo nikajua tutampoteza.

Hotuba zake za kura nilizichapa mimi.
h alizijaza mwenyewe, usiku, kwa tochi ya simu.
Akapata kiti.

Kinshasa ni mbali; barabara haifiki, ndege ina bei.
Barua zake zilianza kuja zimechapwa kwa kompyuta,
h zote zipo, nyeusi, zimenyooka,
wala hakuna hata moja yenye mkono wake.
Redioni tulimsikia mara moja:
« Mheshimiwa Spika, watu wa Bukavu... »
betri ikaisha.
Kuna wanaosema alipiga kelele hadi wakamzimia kipaza sauti.
Kuna wanaosema alisinzia.
Mimi sikuwepo.

Ninalolijua ni la jana.
Mvua ilipokatika M'Lurhuma alikuja,
akakung'uta kitenge, akakaa.
« Andika. »
Ukuta umeota Funu, ukuta wa mawe,
juu yake vipande vya chupa,
umemeza mita nne za kiwanja kile kile.
Nikauliza, mshitakiwa ni nani?
Akalitoa jina polepole
kama mtu anayetoa mwiba wa sambaza kooni.

Nikachapa: M es imiwa Mugaruka.
Vidole vyangu havikutetemeka. Nilitamani vitetemeke.

Kalamu ya buluu ninayo bado,
aliisahau mezani asubuhi ya kura.
M'Lurhuma hakusoma shule.
Nikamwonyesha: mgongo hapa, miguu hapa.
Akainama, ulimi nje kidogo, pumzi ameishika,
akachora kiti chake cha kwanza
kimepinda, mguu mmoja mrefu.

Akakitazama sana.
« Na hiki, » akauliza, « ni chake au changu? »