Kulia, Nyuma ya Nahodha

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Biashara,
juu ya duka la vitambaa vya mapazia,
nauza bahari.

Kwa nusu siku, si zaidi. Watu sita, si saba.
Boti ya kasi, injini mbili, visiwa vitatu,
nanasi lililokatwa, maji ya chupa, jaketi la kuokolea.
Kuondoka saa mbili asubuhi, kurudi saa saba.
Nimeyasema haya mara nyingi hata ulimi
hunitangulia kazini.

Ukutani, kando ya kalenda ya benki,
nimebandika jedwali la maji kupwa na maji kujaa.
Julai hii dirisha limefunga ukungu, nimevaa sweta mbili,
lakini niulize: bamvua ni lini?
Fungu la mchanga litachomoza saa ngapi?
Najua. Najua kama wenzangu wanavyojua
siku ya mshahara.

Wala sijawahi kulowa.

Ninayoyajua nimefunzwa na malalamiko.
Aliyeungua shingo alinifunza jua linakaa upande gani.
Aliyetapika alinifunza mkondo.
Na yule wa Kitengela, aliyedai arudishiwe pesa
kwa kuwa pomboo hawakutokea,
nilimwandikia, kwa niaba ya kampuni,
kwamba bahari inaomba radhi.

Jumatatu akaja Bi Jerotich,
karani mstaafu wa mahakama, mkoba kaubana kwapani.
Akahesabu noti moja moja, akazirudia,
akauliza, "Mwanangu, nikae wapi?"
"Kulia, nyuma ya nahodha. Na ukishakaa, usihame."
"Umekwenda mara nyingi, eh?"
Nikagonga muhuri kwenye risiti.
Nikagonga tena, ingawa wino ulikuwa umeshika.

Alhamisi nikampigia Mshenga, yuko gatini,
nikamsomea majina sita.
"Haya, dada," akasema, akaitumbukiza simu mfukoni
na kusahau kuikata.

Nami sikukata.

Kwanza shati, likinisugua sikio.
Halafu injini zikakohoa, zikashika,
sauti ikapanda hadi meno yangu yakatetemeka
hapa hapa, kati ya mashine ya risiti na birika la chai.
Mtu akapiga kelele. Mwingine akacheka
kicheko cha mtu aliyemwagiwa.
Nikamsikia Bi Jerotich: "Nipisheni. Kulia ni pangu,
kaniambia msichana wa Nairobi."

Nikafunga mlango. Nikaweka spika.
Nikavua viatu, sijui kwa nini.

Saa nne na robo, kama jedwali lilivyosema,
injini zikazimwa.

Sikujua kwamba bahari hunyamaza hivyo.
Si kimya hasa: kama mtu anayelamba kijiko
polepole, asitake kumaliza.
Wakaanza kushuka, chubwi, chubwi, nikawahesabu:
watano. Wa sita akakawia.
"Shuka, mama, yafika magotini tu," Mshenga akasema.
Na mimi chini ya meza nikaligusa zulia
kwa kidole gumba, kisha kwa unyayo mzima.

Chubwi.

Baridi yake ilinipanda hadi kifuani.
Nikasikia Bi Jerotich akisema peke yake, si kwa mtu,
"Aaa. Kumbe."
Hakuongeza neno. Nikangoja. Hakuongeza.

Saa saba kasorobo mkono ukaingia mfukoni.
"Nairobi? Kumbe bado upo?"
"Nipo."
"Tangu saa ngapi?"
Mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza juu ya paa la jirani;
nikasema nina mteja.

Jioni Bwana Rughani akasimama mlangoni, miwani mkononi:
laini ilishikwa karibu saa tano, aliniambia,
wateja wangapi wamepotea, na bili ataitoa nani?
Nilikuwa nikitafuta kiatu cha pili.
"Samahani," nikamjibu.
"Maji yalikupwa. Ilibidi tungoje."