Msumari wa Eleuterio

Miaka arobaini unashona viatu hapa León,
unapapasa kila soli kwa kidole gumba
mteja asichomwe.
Chako hukukipapasa.

Msumari ulikaa humo tangu Jumatatu.
Ukaenda nao sokoni, ukacheza nao harusini kwa Itzel,
hata mguno hukutoa.
Damu kwenye soksi niliiona mimi.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.
Sawa. Na ule usiousikia?

Lete mguu.
Maji nimeyapima kwa kiwiko, kama ya mtoto.
Nikaushe katikati ya vidole, taratibu,
nifunge shashi safi.
Kioo chako cha kunyolea nakiweka sakafuni:
kila usiku utautazama unyayo
kwa jicho lile unalokagulia
mshono wa mwanagenzi.
Na usinidanganye.