Msumari wa Bati

Ilikuja kimya, kama paka anayeingia jikoni,
ikasimama mbele ya kibanda changu pale Machomane,
tairi la nyuma kulia limelala chapati.

Bi Riziki Shaame, mkunga wa Wingwi, akafungua buti.
Tairi la akiba hakuna.
Kuna kopo la gundi, kipampu mfano wa mashine ya kunyolea,
na kitabu cha Kijapani chenye picha ya mtu anacheka.
"Gundi nimeshaitia," akasema. "Asubuhi nimepita hapa salama.
Kufika Ole, likaanza kushuka.
Nimerudi nalo hivyo hivyo."

Nikapiga magoti. Gari hii haiinuliwi popote,
betri imelala tumbo zima,
ina alama nne tu zinazokubali kubebwa.
Umbo la mtoto, uzani wa mjomba.
Jeki ikalia. Nadhani ililia:
sikio langu la kushoto lilikwenda na kompresa zamani,
na la kulia lanyata nyuma yake.

Bakar akaleta karai na sabuni. Nikamwambia, ngoja.
Nikalijaza tairi, nikalowesha shavu,
nikalizungusha karibu na uso wangu, polepole,
mpaka pale: uzi wa upepo, mwembamba, baridi,
kama mwana anayekupuliza ukisinzia.
"Nimesikia," nikasema.
Lugha yetu ina huruma. Aliyepoteza masikio
bado husikia baridi, husikia harufu,
husikia uchungu.
Mkunga akatikisa kichwa; neno hilo ndilo kazi yake.

Koleo likautoa.
Si msumari wa kreti, si wa kwato la punda.
Wa bati: kichwa mwavuli,
na mpira mwekundu chini ya kofia.

Juu yetu, bati jipya nililolipiga Ijumaa
limeshikwa na ndugu zake, mpira mwekundu, kila mmoja.

Mafundi pancha tunasingiziwa tangu zamani
kwamba usiku twapanda misumari, asubuhi twavuna.
Nimeapa mara ngapi, sijapata kupanda.
Na kweli sijapata.
Ila kuangusha si kupanda,
na tairi halijui tofauti.

Ubavu ulishakatwa na ringi. Kiraka hakishiki ubavu.
Chake hakuna saizi ile, Wete hakuna.
Unguja, duka la kwanza wakacheka;
la pili wanalo la teksi, jepesi, litapasuka kwa uzani huu;
la tatu wakasema Jumatano, kwa boti, ulifuate Mkoani.
Siku nne gari ikakaa juu ya tofali,
watoto wakiuliza inakula nini,
Bakar akiwajibu: tukuza, kama friji.

Nilipolivua tairi kuukuu nikakuta sponji ndani,
imebandikwa kuizima sauti ya barabara.
Kumbe na wao wanautamani uziwi.

Jumatano nikalifunga jipya, nikatia upepo.
Akili yote ile, waya zote zile,
na bado inakwenda juu ya upepo.

"Bei gani?"
"La tairi tu."
"Na kazi yako? Na nauli ya boti?"
Ningeweza kusema sadaka. Ningeweza kusema heshima ya wakunga.
Nikautia msumari kiganjani mwake,
nikanyosha kidole juu.

Akalitazama bati. Akautazama msumari.
Akainama, akasema jambo
kwenye sikio langu la kushoto,
akaingia garini, akaenda, wala sikumsikia akienda.

Sikumwita arudie.

Siku hizi, baada ya sala ya alfajiri,
naburura sumaku ya spika mbovu kwa kamba,
kutoka kibandani hadi njia panda,
kama mtu anayepeleka mbuzi asiyetaka.
Jana ilinasa kumi na moja.
Mitatu ina mpira mwekundu.