Mzizi wa Kibokoni

Bomba liliziba Jumatano.
Maji ya karai yakarudi juu na magamba ya changu,
na Fundi Mwachiti akaja na mtaimbo.
Aligonga sakafu kwa kisigino, akasikiliza,
akasogea hatua, akagonga tena.
"Hapa." Akavunja.

Chini ya saruji, chokaa.
Chini ya chokaa, kifusi cha nyumba
iliyosimama kabla ya hii yetu:
vigae, mfupa wa mbuzi, simbi moja iliyotoboka,
kisha udongo, haba, mwekundu,
kama kitu kilichosahauliwa na mawe.
Mimi nilishika tochi.

Bomba lenyewe la kuchoma, la enzi za babu,
lilikuwa na ufa usiopita unywele.
Humo ndimo ulimoingilia.

Mkungu uko kwa kina Sherali, kuta mbili kutoka hapa.
Majani yake mekundu huangukia ua wao,
kungu zake hugonga mabati yao,
sisi hata kivuli chake hatujakipata.
Hatua ishirini na moja. Nilizihesabu baadaye.

Hatua ishirini na moja gizani,
ncha imevaa kofia,
kofia ikichakaa kwa kusukuma inavaliwa nyingine,
ncha inajitemea ute ipate kuteleza
baina ya punje na punje.
Haina jicho, ila yajua chini ni wapi.
Ikikuta jiwe hairudi,
inalipapasa ubavu;
na jiwe la kisiwa hiki ni tumbawe, lina moyo mwepesi,
ukilionjesha uchachu kidogo kila siku
litakupa njia.
Nyuma ya ncha, vinyweleo
vinafyonza unyevu ulionata kwenye chembe,
na nyuzi za kuvu, nyeupe, zimejisokota humo
zikiuza madini kwa sukari,
biashara isiyo na mizani wala daftari,
yote hiyo chini ya kitanda changu
nami nimelala, naota mitihani.

Fundi akavuta. Ukatoka wote,
msokoto wa pima nzima, mviringo kama bomba lenyewe,
mkia wa mnyama tusiyemjua jina.
Ukumbi ukanuka mvua.
"Mwizi," akasema fundi.
Nyanya yangu, Bi Saumu, akauinua kwa mikono miwili
akauweka juu ya gazeti.
"Mwizi ni ufa," akasema. "Huu uliitwa na maji."

Likawekwa bomba la plastiki, saruji ikamwagwa.
Fundi akalipwa elfu tatu na kahawa,
na mlangoni, akivaa ndara:
"Utarudi. Si leo."

Vuli ikanyesha usiku saba.
Ukuta wa uani, ambao miaka yote
haukutuomba kitu,
ukapasuka kuanzia chini.
Fundi akaingiza mkono shimoni, na udongo
ukamtiririka vidoleni kama unga;
haukuwa tena na wa kuushika.
Akachutama pale, kimya,
yeye ambaye hata akila huongea.
"Kumbe ulikuwa ukilipa kodi," akasema.

Ukuta tuliutia mwiko. Bi Saumu hakusema neno.
Ila tangu siku hiyo, kila akiosha mchele
hayamwagi yale maji meupe karoni.
Huyabeba kwa kata, polepole, kwa sababu ya goti,
hadi pembe ya uani alipong'oa mawe mawili,
akayamimina, akaiambia ardhi:
"Ndia ni hii. Sipite jikoni."

Mwezi wa tatu sasa.
Jana, yeye akiwa kwenye swala ya alasiri,
nilichokoa pale kwa kijiko cha chai
nikakuta uzi mmoja, mweupe, laini,
punje za udongo zimeung'ang'ania
hata nilipoutikisa hazikudondoka.

Nikaurudishia udongo wake.
Nikaenda kutafuta kata.