Saa Ngapi?

Tusekile aliuliza akiwa jikoni,
kanipa mgongo, anamenya viazi vya Uyole:
"Saa ngapi?"
Nikatazama mkono. "Mbili na nusu."
"Sikuulizi wakati. Nauliza ngapi.
Ngapi zinabaki, ngapi zinatoka humu ndani."

Juni, Iyunga. Ukungu umeishusha Loleza
mpaka kwenye mabati ya jirani.
Nikaleta kopo la majani ya chai, lile la kilo mbili,
nikalimwaga juu ya kitambaa cha meza.
Zikaanguka kama mvua ya mawe, zikanyamaza.
Halafu, ukitega sikio, hazikunyamaza.

"Kumi na moja," nikasema.
"Saa kumi na moja watu wanafunga ofisi.
Na wewe funga."

Tatu nilizitoa bila kuumia:
ya dhahabu isiyo dhahabu,
iliyonipaka ukijani kifundoni kwenye harusi ya Gwakisa;
ya zawadi ya benki, jina la benki kubwa kuliko namba;
na ile ya kikokotoo, vitufe vyake vinataka kidole cha mtoto.
Aichukue Lugano, hesabu zinamsumbua.
"Saa nane," akasema Tusekile. "Bado mchana mweupe.
Endelea."

Fundi Asajile wa Mwanjelwa
aliwahi kuniambia, jicho moja likiwa ndani ya lenzi,
kwamba saa ya kutia ufunguo ni mbuzi wa maziwa:
fuga kadiri ya asubuhi yako.
Basi nikapima asubuhi yangu.
Nikabandika sufuria, nikaanza kutia ufunguo.
Maji yalichemka nikiwa kwenye ya nne.

Ya kwanza ni ya Baba, karani wa mizani
kwenye chai ya Rungwe. Wachumaji walimwita Bwana Bado,
kwa kuwa aliitazama hii, akasema bado,
nao wakasimama na vikapu mgongoni, mvua ikinyesha.
Siipendi sana. Inabaki.

Ya pili nilinunua Tunduma
kwa mtu aliyevuka kutoka ng'ambo akiwa nayo mkononi.
Iko nyuma yetu kwa saa nzima, na sijaigusa.
Siku aliyofariki kaka Ambakisye ilikuwa saa sita mchana;
kwenye hii ilikuwa saa tano,
na saa tano kaka alikuwa bado anaomba maji.
Tusekile aliacha kumenya.
Hakuuliza kitu.

Ya tatu ina pacha wake.
Niliwanunua wawili kwa woga kwamba mmoja atakufa,
nikamficha wa pili asije akachoka.
Leo wana miaka kumi na tisa:
mmoja kazeekea kazini,
mwingine kazeeka bure, anang'aa.
Anayeng'aa ndiye anaondoka.

Nikanyoosha mkono kwenye ile ndogo, nyembamba,
ndogo kama tembe ya klorokwini.
"Hiyo ni yangu," akasema. "Iliingiaje humo?
Usinihesabie mali yangu kwenye dhambi zako."

Ya nne, kusema kweli, sina sababu nayo.
Uso mweupe, namba nyeusi, haina hadithi.
Labda ndiyo maana.

"Saa nne," nikatangaza.
"Saa nne ni chai," akajibu, akamimina.

Tukanywa. Baridi ikanituma kwenye koti,
na mfukoni, kati ya risiti na kipande cha muwa,
kidole kikagusa kioo.
Nikaitoa polepole, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.
Ilikuwa na akrabu moja tu;
ya dakika iling'oka zamani, sijui wapi.

"Na hiyo?"
"Hii si nzima."
"Kwa hiyo ni ngapi?"

Nikaiweka mezani kando ya zile nne.
"Saa tano kasorobo."

Tusekile akageuka, akatazama dirishani,
akalitafuta jua nyuma ya ukungu
kama anayekagua iwapo ni kweli.