Tarehe Tisa Aprili

Madaftari ya Nzioki yamepangwa hapa Dagoretti,
kurasa zimeiva rangi ya chai.
Kila saa tatu asubuhi, miaka thelathini na mmoja,
alikiinamia kipimo cha mvua,
akasoma, akaandika: sita nukta nane. Sufuri. Arubaini na mbili.

Wataalamu wamevuna humo grafu zao.
Jina lake wameliacha kwenye jalada.

Mimi ninayeyanakili kwenye kompyuta
nimekwama kwenye tarehe tisa:
"Mbwa wa jirani amepindua chupa.
Mvua ilinyesha. Kiasi sijui."

Angekisia, nani angemshika?
Usiku ule mto Ngong ulivunja kingo,
na asubuhi kila mtu mtaani
alikuwa na kiasi chake mdomoni.

Chiromo walinifundisha njia nne za kujazia pengo.
Mraba nimeuacha mtupu.